Kikombe Tusicho Nacho

Katika Kwaresima ya mwaka uliopita tulikuwa tukifundisha katekisimu watoto 23 wa hapa Likasi. Somo la siku ile lilikuwa maneno ya Bwana wetu juu ya Mafarisayo, wanaosafisha kikombe kwa nje na kuacha uchafu ndani. Ili watoto wasilale, tuliwapa vipande vya karatasi, tukasema: kila mmoja achore kikombe anachonywea chai kwao.

Tulipozikusanya karatasi, tulishangaa. Tulikuwa na kikombe kimoja tu, kilichochorwa mara 23. Kilikuwa na mkono upande wa kuume, kimewekwa juu ya kisahani, na mistari mitatu ya moshi inapanda. Tukauliza, “Nani ana kikombe cha namna hii nyumbani?” Mikono 2 tu iliinuka. Mtoto mmoja kati ya hao wawili akasema, “Mwalimu, kiko ndani ya kabati. Hakuna mtu anayekinywea.”

Tukauliza tena, “Basi mnanywea nini?” Hapo darasa likaamka. Mmoja hunywea kopo la maziwa lililokunjwa ukingo ili lisikate mdomo. Mwingine hunywea kikombe cha plastiki kilichoyeyuka upande mmoja kwa kuwekwa karibu na mbabula. Wa tatu ana kikombe cha bati kilichobanduka rangi, na pale palipobanduka pana umbo kama la kuku. Kila mtoto alikijua kikombe chake vizuri kabisa, lakini hakuna hata mmoja aliyekichora.

Hawakusema uongo. Walijibu kama tulivyowafundisha. Kwa miaka mingi sisi wenyewe tumechora ubaoni kikombe kile chenye kisahani, tena tumechora zabibu na ngano kwa watoto ambao hawajaona shamba la zabibu wala la ngano, tukawaambia, “Nakilini.” Aliyenakili vema tulimsifu. Kosa hili ni letu, na tunalikiri kabla ya kugusa kazi ya wengine. Kwa maana makala hii yataka kusema neno juu ya picha za miji yetu, na juu ya dawa ndogo ambayo twaiona inafaa: desturi ya kuchora kila siku kitu kimoja kidogo cha nyumbani, kikiwa mbele ya macho.

Nchi yetu ya Katanga si maskini kwa picha. Tuanze na Bukama, mji ulio kando ya Lualaba. Mwaka 1926 Mbelgiji mmoja mtumishi wa serikali, Georges Thiry, aliona huko nyumba ambazo kuta zake zilikuwa zimechorwa. Akamtafuta mwenye mkono ule, akampata Albert Lubaki, fundi wa kuchonga pembe za ndovu. Akampa karatasi na rangi za maji. Mkewe Antoinette naye alichora. Mwaka 1929 karatasi zao zilionyeshwa Brussels, na watu wa Ulaya wakastaajabu. Miaka mingi baadaye, mwaka 2015, zilionyeshwa tena Paris katika maonyesho makubwa ya picha za Kongo.

Katika picha za Lubaki twapenda jambo moja kupita yote: utulivu wa mtu aliyetazama. Mnyama anasimama juu ya karatasi tupu, hana kichaka nyuma yake wala jua juu yake, lakini anasimama kweli kwa miguu yake. Fundi wa pembe amezoea kuzungusha kitu mkononi na kukitazama pande zote kabla ya kukata, na mazoea hayo yaonekana. Lakini tuangalie na upande wa pili. Karatasi na rangi zilitoka mkononi mwa mgeni, na wanunuzi walikuwa mbali ng’ambo ya bahari. Ukuta wa udongo ulikuwa wa Lubaki mwenyewe. Karatasi haikuwa yake. Kazi inayotegemea mfuko wa mtu mwingine haiwezi kuwa desturi ya nyumba.

Baada ya vita vya pili vya dunia, mwaka 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua huko Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, karakana ya wachoraji iliyojulikana kwa jina la Hangar. Kutoka humo walitoka watu wenye sifa kubwa: Pilipili Mulongoy, Bela Sara, Mwenze Kibwanga. Mwalimu wao hakutaka wanakili picha za Ulaya. Aliwaambia wachote katika akili zao na katika mambo ya nchi yao. Hapo alifanya vema, na sisi tulionakilisha watoto zabibu twapaswa kuona haya mbele yake. Bela alipaka rangi kwa ncha za vidole, nukta kwa nukta. Mwenze alijaza picha kwa vistari vifupi vifupi kama mtu anayesuka mkeka. Pilipili alipendwa kwa samaki zake na ndege zake. Kila mmoja alikuwa na mkono wake, usiofanana na wa mwenzake.

Hata hivyo twathubutu kuuliza swali. Picha zile zilichorwa katika mji wa shaba, penye bomba refu la moshi, treni, kinga, mabeseni na foleni za wafanyakazi asubuhi. Katika picha tulizoziona sisi, hayo yako wapi? Twaona nyasi, samaki, nyoka, ndege, mawindo. Ni uzuri mkubwa, hatukatai. Lakini ni uzuri wa mahali ambapo mchoraji hakulala usiku ule. Kazi ya kukumbuka kijiji ni njema, ila aliyeambiwa achote daima katika kumbukumbu huenda asione sufuria iliyo karibu na goti lake. Romain-Desfossés alifariki mwaka 1954, na watu wake wakaingia katika shule ya michoro ambayo Mbelgiji Laurent Moonens alikuwa ameianzisha mwaka 1951 katika mji uleule.

Ndipo wakaja wachoraji wa mitaani, ambao wazee wa Likasi, Kolwezi na Lubumbashi wanawakumbuka vizuri. Katika miaka ya 1970 hawa walichora juu ya vitambaa vya mifuko ya unga, wakatembeza picha mlango kwa mlango, na nyumba nyingi za wafanyakazi zilikuwa na moja ukutani. Mashuhuri kati yao ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Kati ya mwaka 1973 na 1974 alimchorea mtaalamu Johannes Fabian picha 101 za historia ya nchi, na Fabian akazitolea kitabu mwaka 1996, pamoja na maelezo ambayo mchoraji mwenyewe aliyatoa kwa Kiswahili cha kwetu. Watu waliziita picha za namna hii ukumbusho. Walikuwa na aina zake, na kila mnunuzi alizijua: Mamba Muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki, Inakale, yaani mambo yamekwama, mtu aliyepanda mti akimkimbia mnyama na kukuta nyoka juu, na Koloni ya Wabelgiji, yenye bendera, askari, kiboko, na mfungwa aliyelazwa chini.

Hawa walirudisha mji katika picha, nasi twawashukuru. Tena walifanya kazi ambayo hakuna aliyewatuma: walimpa mfanyakazi kitu cha kutundika ukutani ambacho wageni wakikitazama huanza kuzungumza mambo ya zamani. Mtu asiseme kwamba ni picha za ovyo.

Lakini mkosoaji asiyesema kasoro hana kazi. Kasoro ya picha za ukumbusho ni ileile ya vikombe vya watoto wetu. Picha ikishapendwa ilirudiwa, na kila ikirudiwa vitu vilivyomo vilizidi kugeuka alama. Kiboko kikawa mstari, si ngozi tena. Ndoo ikawa umbo la ndoo. Mchoraji hakuwa na haja ya kutazama ndoo yoyote, kwa kuwa mnunuzi alitaka kuitambua tu, si kuiona. Tusimlaumu kwa ukali: alikuwa na watoto wa kulisha, na picha iliyozoeleka huuzwa upesi. Ila tukumbuke kwamba anayenakili jana yake mwenyewe amekwama kama yule mtu wa Inakale, hata kama hakuna simba chini ya mti.

Leo hali imekuwa nzito zaidi. Kijana wa Likasi anayetaka kujifunza kuchora ana simu mkononi, na ndani ya simu zimo picha za dunia nzima. Anachora uso wa mwimbaji, motokaa ya Marekani, simba wa katuni. Mkono wake ni mwepesi kuliko wetu. Lakini ukimwambia, “Nichoree mwiko wa mama yako wa kusongea bukari,” anacheka. Anaona ni dharau. Anadhani kitu kidogo ni cha mtu mdogo.

Hapo ndipo kuna mambo mazito kuliko mchoro. Anayeona haya kuchora mwiko wa mama yake, je, anauona mwiko wenyewe? Na asipouona mwiko, anauona mkono ulioushika?

Mabwana wakubwa wa picha hawakuona haya. Huko Ufaransa alikuwako Chardin, aliyezaliwa mwaka 1699 na kufa mwaka 1779. Wenzake walichora wafalme na vita. Yeye alichora sufuria, vitunguu, mayai, birika. Katika jumba la Louvre pana picha yake ya mtungi wa shaba wenye bomba, wa kuwekea maji ya nyumbani, pamoja na ndoo yake. Picha yenyewe ni ndogo, kadiri ya ukurasa wa daftari kubwa. Tuitafakari sisi watu wa Likasi! Zaidi ya miaka 100 tumechimba shaba, tumeiyeyusha, tumeipakia garini. Babu zetu kabla ya mzungu waliimwaga katika umbo la msalaba. Lakini ni nani kati yetu aliyekaa kitako siku tatu kutazama rangi ya shaba inavyobadilika kutoka mahali penye mwanga mpaka mahali penye kivuli? Shaba imeondoka, nasi tumebaki na mabeseni ya plastiki. Hayo nayo yafaa kutazamwa.

Mwingine ni Giorgio Morandi wa Bologna, Italia, aliyefariki mwaka 1964. Maisha yake karibu yote alichora chupa, makopo na vibakuli, vilevile vya chumbani mwake, akivisogeza kidogo huku na kidogo kule. Hakuvichoka. Na kabla yao wote, mwandishi Mrumi Plinio asimulia juu ya Apelle, mchoraji wa Wagiriki, kwamba hakuiacha siku ipite bila kuvuta walau mstari mmoja, hata akiwa na shughuli nyingi namna gani. Tuliposoma habari hiyo katika Kilatini cha seminari, tuliiona kama fumbo la kutafsiri tu. Leo twaona ni shauri la fundi kwa mafundi.

Nasi Wakristo tuna mwalimu mwingine tena. Wabenedikto waliofika Katanga mwaka 1910 walileta Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, na katika sura ya 31 mtunza ghala wa monasteri anaagizwa avitazame vyombo vyote vya nyumba kana kwamba ni vyombo vitakatifu vya altare. Si kalisi tu: hata jembe, hata sufuria. Bwana wetu mwenyewe, alipotaka kufundisha habari za Ufalme, hakutafuta mifano mbali. Alishika taa, chachu, punje ya haradali, sarafu iliyompotea mwanamke nyumbani. Bila shaka alikuwa amevitazama vitu hivyo siku nyingi kabla ya kuvisema.

Sasa tuseme desturi yenyewe, maana mahubiri bila kazi hayajazi karatasi.

Shika kitu kimoja kinachoenea mkononi: kijiko, kufuli, kipande cha sabuni, kiberiti, jiwe la malakiti, kiatu cha mtoto. Kiweke juu ya meza au juu ya kiti. Keti. Usichore bado, kitazame kadiri ya kusali Baba Yetu mara tatu pole pole. Kisha chora kwa dakika 10, usizidishe. Usifute. Mstari ukikosea, vuta mwingine kando yake, ule wa kwanza ukae kama shahidi. Andika tarehe chini. Kesho chora kitu kilekile. Keshokutwa kilekile tena, mpaka siku 7 zitimie, ndipo uchague kingine.

Kwa nini siku 7? Kwa sababu siku ya kwanza utachora kile unachokijua, si kile unachokiona. Akili ina haraka. Yasema, “Hiki ni kikombe, nakijua,” na mkono unatii. Siku ya tatu akili inachoka kusema, na jicho linapata nafasi.

Tutoe mfano mmoja wa kikombe, kwa kuwa ndicho kilichotuangusha. Mdomo wa kikombe ni duara. Lakini ukiketi mezani, hulioni duara. Waona umbo lililobanwa, kama yai jembamba lililolala. Inua kikombe mpaka usawa wa macho: mdomo unakuwa mstari mtupu. Kishushe pole pole: unafunguka. Sasa angalia chini yake, pale kinapogusa meza. Watoto wote 23 walichora mstari ulionyooka, kwa kuwa wanajua meza ni tambarare. Sivyo. Chini nako ni duara, na kwa kuwa kuko mbali zaidi chini ya jicho, mviringo wake umefunguka kuliko ule wa mdomo. Tulipowaonyesha hivyo kwa kopo la nyanya, mtoto mmoja alipiga kelele kana kwamba amemkamata mwizi. Kopo lile alikuwa ameliona maisha yake yote.

Karatasi si kisingizio. Mfuko wa saruji ukichanwa una karatasi nzuri ya rangi ya udongo. Kurasa za nyuma za daftari za zamani zatosha. Hata karatasi iliyofungia sukari yafaa. Kalamu ya risasi ikikosekana, kipande cha kaa lililozimika katika mbabula ni kalamu bora, na wachoraji wa Ulaya hutumia kaa la miti mpaka leo. Hivyo hatutakuwa katika hali ya Lubaki, kungoja mkono wa mgeni.

Tulifanya hivyo na watoto wetu kutoka Pasaka mpaka mwisho wa mwaka wa shule. Tusijisifu: wengine waliacha baada ya siku nne, na sisi wenyewe tuliruka siku nyingi kuliko tunavyotaka kukiri. Ila tuliona jambo ambalo ndilo lililotufanya tuandike makala hii.

Mvulana mmoja, ambaye baba yake alikuwa amekufa miaka miwili kabla, alichagua gameli ya baba, ile sahani ya alumini yenye mfuniko ambayo mfanyakazi huchukulia chakula kazini. Aliichora siku 7, akaomba siku 7 tena. Michoro ya kwanza ilikuwa sanduku tu. Ya mwisho ilikuwa na kila kitu: mkono uliolegea na kufungwa waya, mikwaruzo ya kijiko ndani, na bonyeo moja kubwa pembeni ambalo kivuli chake kilimpa taabu sana.

Karo ya shule ilipopungua, mama yake aliuza vyombo vya alumini kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na gameli ikaenda pamoja navyo. Hatumlaumu, mtoto alibaki darasani kwa fedha ile. Siku moja mama akaja kwetu kwa shauri jingine, na michoro ilikuwa mezani. Akaitazama. Akaweka kidole juu ya lile bonyeo, akasema, “Mwalimu, hii ni ya kwake. Hapa ndipo alipoanguka na kinga, siku ile ya mvua.” Akasimulia siku ile yote, kule njiani, na jinsi mumewe alivyofika nyumbani akicheka huku bukari imejaa matope. Mtoto alikuwa hajaisikia habari hiyo. Alikuwa amechora bonyeo kwa siku 14 bila kujua ni la nini. Mama akaomba karatasi moja, tukampa ile ya mwisho, ameitundika.

Msomaji, hiyo nayo ni ukumbusho. Haikukopwa popote wala haina aina yake sokoni. Yule mama alikuwa na picha ya marehemu iliyopigwa studio, amevaa koti la kuazima, na aliiheshimu. Lakini picha ile haikumfanya asimulie juu ya mvua. Bonyeo lilimfanya, kwa kuwa mtoto hakulisahihisha. Laiti angechora gameli nzuri iliyonyooka, kama ya kitabu, mama angesema, “Umechora vizuri, mwanangu,” na kuendelea na shauri lake.

Wapo watakaotupinga. Wa kwanza atasema, “Katekista, watu hawana maji ya bomba, vijana wanashuka mashimoni kwa mikono mitupu kutafuta kobalti, nanyi mwatuletea vijiko?” Swali hilo ni la haki, wala mchoro hautalijibu. Hauwezi kuleta maji. Ila twasema hivi: watu waliozoea kutoona vyao husahau upesi kwamba ni vyao. Kijana anayeweza kuchora taa yake ya kichwani na kamba yake iliyokatika nyuzi mbili amekwisha kuitazama ile kamba. Pengine atakataa kushuka nayo. Hatusemi zaidi ya hapo.

Wa pili ni fundi wa picha, naye atasema, “Mnunuzi hataki kopo la nyanya ukutani. Anataka Mamba Muntu.” Kweli. Basi ndugu, mchoree Mamba Muntu, ule mkate wako. Ila kabla ya kumchora, nunua samaki sokoni, umweke juu ya sahani, uchore magamba yake siku 7 kabla ya kumpika, kila siku samaki wake. Ndipo uone mkia wa Mamba Muntu utakavyokuwa. Huenda mnunuzi hatajua ni kwa nini picha yako imemshika, lakini ataacha ile ya jirani.

Wa tatu ni mwalimu mwenzetu, atakayesema kwamba kunakili ndiko kulikotufundisha sote kuandika. Hilo nalo ni kweli, wala hatutaki kufuta ubao. Herufi hunakiliwa, kwa kuwa ni lazima zifanane ili tusomane. Lakini kikombe cha nyumba moja hakilazimiki kufanana na cha nyumba nyingine. Kila kitu kwa mahali pake.

Basi hukumu yetu juu ya picha za Katanga ni hii, nasi twaitoa kwa heshima. Lubaki alikuwa na jicho, akakosa karatasi yake mwenyewe. Hangar ilikuwa na mikono na uhuru, lakini ilitazama mbali kuliko lupango. Wachoraji wa ukumbusho walikuwa na mji na wanunuzi, lakini soko liliwafunga katika picha zilezile. Anayekuja baada yao, kama amekwisha kuzaliwa hapa Likasi, twafikiri hataanza na picha kubwa. Ataanza na kopo.

Nasi tulirudi darasani tukafuta kile kikombe chenye kisahani. Mwaka huu, tulipofika tena kwenye somo la Mafarisayo, tulileta kikombe chetu wenyewe, cha bati, chenye tundu lililozibwa kwa risasi, tukakiweka mbele yao bila kusema neno. Watoto walikitazama kwa muda. Kisha mmoja akauliza, “Mwalimu, hakivuji?” Tukamwambia asogee akione mwenyewe.